Utangulizi: Mto Kwanza, Samaki Baadaye

Mwishoni mwa Aprili, klabu za wavuvi wa trauti za New York na majimbo ya jirani hufunga safari Ijumaa jioni kwenda Roscoe, mji mdogo katika milima ya Catskill, mahali mto Willowemoc unapoungana na Beaverkill. Watu hulala huko siku mbili, husimama mtoni wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, na Jumapili wengi hurudi nyumbani bila samaki hata mmoja. Si kwamba wote walikosa. Zipo sehemu za Beaverkill ambazo tangu mwaka 1965 ziko chini ya sheria ya kutoua: ukimnasa samaki, unamwachia. Mvuvi wa Kilwa au wa Kalemie, ambaye chombo kikirudi kitupu nyumbani hakupikwi, ana haki ya kuuliza wenzake hawa wanatafuta nini. Kurasa hizi zinamkaribisha yeye na swali lake. Jibu langu ni kwamba wanatafuta kuujua mto, na samaki ni mtihani tu wa ujuzi huo.

Tuanze na zana, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi hukwama. Katika uvuvi wa mshipi tuliouzoea, risasi au chambo kizito ndicho kinachouvuta mshipi kwenda mbali. Hapa mambo yamegeuzwa. Chambo ni nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo, nywele za mnyama na uzi mpaka ifanane na mdudu. Ni nyepesi mno. Ukiitupa kwa mkono itaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umevikwa plastiki. Mvuvi huurusha nyuma kwa ufito wa futi 9 hivi, hungoja unyooke hewani, kisha huurusha mbele, na ndoana hufuata. Wanafunzi wengi hushindwa pale pa kungoja. Baada ya hapo linakuja gumu zaidi: mkondo ukiukamata mshipi, nzi bandia huburutwa, na trauti mzoefu hamgusi mdudu anayekwenda kwa kasi tofauti na maji yaliyombeba.

Sasa tuinue jiwe. Ingia mtoni maji ya magoti, okota jiwe linalojaa mikono miwili, ligeuze. Utaona vijumba vidogo vya mchanga na vijiti vilivyogandishwa pamoja. Ndani yake mna lava wa mdudu aitwaye kadisi. Utaona mdudu mwenye mikia miwili akikimbilia upande wenye kivuli. Huyo ni tunutu wa nzi-mawe. Na utaona wengine, kwa kawaida wenye mikia mitatu, matamvua yao ya kupumulia yakitikisika tumboni. Hao ni efemera. Mchukue mmoja umtazame mgongoni: vifuko vya mbawa vikishageuka vyeusi, siku zake za chini ya maji zimebaki chache.

Efemera anayewatoa watu wa klabu mjini ni Ephemerella subvaria, ambaye wavuvi humwita Hendrickson. Hukaa chini ya mawe karibu mwaka mzima. Kisha, katika majuma machache ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, mchana wa saa nane hivi, maji yakiwa na nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, hupanda juu, huipasua ngozi yake na kuelea, mbawa zimesimama kama tanga la ngalawa, akingoja zikauke. Hapo ndipo trauti humvuta chini kwa mdomo, polepole, bila kelele. Akinusurika, huruka hadi kwenye miti na kujivua ngozi mara nyingine ilhali mbawa zake tayari zinaruka, jambo ambalo hakuna kundi jingine la wadudu walio hai linalolifanya. Halafu hupandana, hutaga na kufa. Katika siku hizo chache za utu uzima hali chochote. Mdomo wake haufanyi kazi.

Ndiyo maana ubishi mkubwa wa klabu huwa juu ya tarehe. Kwa desturi msimu wa trauti New York hufunguliwa Aprili 1, na wapo wanaosimama mtoni Roscoe siku hiyo hata kama theluji ingali ukingoni, kwa kuheshimu mila. Lakini trauti hatengenezi joto lake mwenyewe. Maji yakiwa baridi sana mmeng'enyo wake hupungua, na hajisumbui kufuata chakula kilicho mbali. Kwa maoni yangu klabu inayoijua kazi yake haifungi tarehe mapema. Humwomba mtu wa huko apime joto la maji, ndipo itangaze safari.

Elimu hii ilichelewa kuandikwa Marekani. Mwaka 1890 mvuvi Theodore Gordon alitumiwa na Mwingereza Frederic Halford mkusanyo wa nzi bandia wa kuelea, waliobuniwa kwa mito mitulivu ya kusini mwa Uingereza. Maji ya Catskill yana kasi, na wadudu wake ni wengine. Gordon akafunga wa kwake, wenye manyoya magumu yanayostahimili mkondo. Alikuwa fundi hodari, lakini kazi ya kuoanisha nzi bandia na spishi halisi za Marekani ilingoja kitabu cha Preston Jennings cha mwaka 1935. Kisha Art Flick, mwenye nyumba ya wageni karibu na kijito cha Schoharie, alikusanya wadudu misimu mitatu, na mwaka 1947 akatoa kijitabu cha kutia mfukoni. Anayeanza na aanze na Flick. Alikuwa na ujasiri wa kuacha mengi, akabakiza spishi chache zenye maana na nyakati zake za kutokea.

Linalonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni historia ya samaki mwenyewe. Katika karne ya 19 viwanda vya ngozi vya Catskill vilihitaji magome ya miti ya hemloki ili kupata tanini. Hemloki wakakatwa, vijito vikakosa kivuli, maji yakapata joto. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na trauti wa kijito, mwenyeji wa mito ile, akapungua. Mwaka 1883 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Ujerumani. Huyu anavumilia joto kidogo zaidi, akashika nafasi. Baadaye jiji la New York likajenga mabwawa ya maji ya kunywa. Bwawa la Neversink lilifunika sehemu ya mto alimovua Gordon. Yale ya Pepacton na Cannonsville yakawa yanaachia maji baridi ya chini, na sehemu za mto Delaware zilizokuwa na joto mno kwa trauti zikawageukia kuwa makao mazuri. Kwa hiyo anayesema anakwenda Catskill kuona asili isiyoguswa, historia inamkanusha.

Nasi tuna sura yetu katika habari hii. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland yalipandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, kwa juhudi za Ewart Grogan. Vizazi vyao vingalipo. Lakini Nyeri, eneo la mto huo, haina majira ya kuchipua. Kinachoamua ni mvua, na masika yakichafua maji, hata nzi bandia aliyefungwa vizuri haonekani. Nyakati alizoandika Flick hazisaidii pale. Njia yake ya kukusanya na kuandika inasaidia.

Hapo ndipo klabu inapokuwa na thamani kuliko mvuvi mmoja. Klabu ya Houghton, iliyoanzishwa mwaka 1822 huko Stockbridge, Uingereza, iliweka kumbukumbu za uvuvi wake tangu mwanzo, na za mwaka 1822 hadi 1908 zilichapishwa kuwa kitabu. Maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuona mto ukibadilika; daftari linaloshikwa na wengi linatosha.

Basi, msomaji, usinunue ufito bado. Tafuta kipimajoto, sinia jeupe na daftari. Nenda kwenye kijito kilicho karibu nawe, pima maji asubuhi na alasiri, geuza mawe, andika ulichokiona na tarehe yake. Na kila jiwe lirudishe lilivyokuwa, kwa maana tunutu waliobaki chini yake ndio watakaotoka msimu ujao.