Eldoret Hadi Boston: Hesabu Isiyo Vitabuni

Mwalimu wa hesabu huuliza darasani: ndege iendayo kilomita 900 kwa saa itachukua muda gani kusafiri kilomita 11,300? Mwanafunzi hugawanya, akajibu kuwa ni saa 12 na nusu, naye hupewa alama zake. Huo ndio umbali, kwa kukadiria, baina ya uwanja wa ndege wa Eldoret na ule wa Boston, Marekani, iwapo ndege ingenyoosha njia. Hata hivyo, mwanariadha wa Uasin Gishu aendaye kushindana huko hafiki kwa muda huo.

Kwanza yampasa kwenda Nairobi, yapata kilomita 270 kwa njia ya anga, akielekea kusini-mashariki ilhali Boston iko kaskazini-magharibi. Akipitia Dubai, huongeza kilomita 3,550, kisha nyingine 10,700 hivi hadi Boston. Jumla ni kama kilomita 14,500. Ukitia na saa za kungojea viwanjani, safari humaliza siku nzima.

La kustaajabisha ni kwamba Eldoret imekuwa na uwanja wa kimataifa tangu 1997, wenye njia ya kurukia inayokaribia urefu wa kilomita tatu na nusu. Ulijengwa enzi ya Rais Moi, huku wengi wakiulaumu kuwa ni ubadhirifu. Dubai iko kama kilomita 3,500 tu kutoka hapo, na kwa miaka mingi ndege za mizigo zimeleta bidhaa za Ghuba. Shehena hushuka Eldoret moja kwa moja; mwenyeji sharti azungukie Nairobi.

Wapo wasemao kuwa kikwazo ni mwinuko. Uwanja huo uko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, mbawa na injini hupungukiwa na nguvu, na ndege hulazimika kukimbia zaidi ardhini au kupunguza mzigo. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Addis Ababa iko juu zaidi, kupita mita 2,300, nayo ni kitovu cha usafiri wa anga barani Afrika.

Kwa maoni yangu, kinachokosekana ni mpango. Mashirika ya ndege hufuata abiria na mizigo ya uhakika. Nyanda hizi zina wanariadha, wanafunzi wa vyuo vikuu, maua na maparachichi. Safari chache kwa wiki kuelekea Addis Ababa au Dubai zingewaondolea wengi mzunguko huo, na ndege za mizigo zingepata cha kubeba zirudipo.

Walimu, wapeni wanafunzi hesabu hii nzima, pamoja na saa za kungojea. Kisha waulizeni ni nani anayezilipia.