Kuvunjika kwa Pingili za Mgongo Uzeeni: Saruji ya Mifupa na Mipaka Yake

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, kisha ikagawanyika: tawi moja lilielekea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na jingine lilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Shehena ya njia hiyo, nguo na shanga zikienda bara, pembe za ndovu zikirudi pwani, ilibebwa na binadamu, wengi wao wakiwa wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani takribani kilo 32. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi wa safari ndefu ulififia, lakini mgongo haukupumzishwa. Hadi leo ndoo ya maji ya lita 20 na mtwisho wa kuni huwekwa juu ya ngata na kubebwa kichwani, na wabebaji wengi ni wanawake.

Mgongo wenye afya unaimudu kazi hiyo. Kuanzia shingoni hadi kiunoni zimepangana pingili 24. Sehemu ya mbele ya kila pingili, inayopokea uzito wa mwili, ina ganda jembamba kwa nje, na ndani yake vijiti vidogo vya mfupa vilivyosukana mithili ya dodoki. Mfupa ni kiungo hai: kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya, na hujiimarisha pale unapobeba uzito, kanuni iliyoelezwa na daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, mwaka 1892.

Uzeeni mizani hiyo huharibika. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na ubomoaji hushinda ujenzi. Vijiti vya ndani huwa vyembamba, vingine hukatika, na dodoki hubaki na matundu makubwa. Hali hii huitwa osteoporosisi. Wanaume nao hawakuepushwa, na upungufu wa lishe, uvutaji wa sigara, ulevi, matumizi ya muda mrefu ya dawa jamii ya steroidi kama prednisoloni, pamoja na baadhi ya dawa za kufubaza VVU, huongeza hatari. Ugonjwa wenyewe hauumi. Hujitokeza siku mfupa unapovunjika.

Fikiria bibi wa miaka 70 katika kijiji kimojawapo cha Unyanyembe. Anainama kuinua ndoo, anasikia mgongo umekwanyuka, na tangu hapo kuketi, kugeuka kitandani na hata kukohoa vimekuwa mateso. Kilichomponza si uzito wa ndoo peke yake. Mtu anapoinama, misuli ya nyuma hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi ili asianguke mbele, na nguvu hiyo huongezeka juu ya pingili. Pingili dhaifu hubonyea upande wa mbele na kuchukua umbo la kabari. Zikibonyea kadhaa, mgonjwa hupungua kimo, mgongo hupinda, mbavu hukaribia nyonga, na pumzi pamoja na hamu ya chakula hupungua.

Mara nyingi jamaa husema ni uzee, au humchua mgongo kwa nguvu, jambo linaloweza kuongeza madhara. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maumivu ya mzee nayo huonekana mepesi kwa asiyeyabeba. Ukweli ni kwamba huo ni mfupa uliovunjika, nao unastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa mguu uliovunjika.

Uchunguzi ndio hatua ya kwanza na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa si kila pingili iliyobonyea imeletwa na osteoporosisi. Katika Afrika Mashariki, kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kingalipo. Hicho kwa kawaida hula pingili mbili zinazopakana pamoja na sahani laini iliyo kati yake, na huweza kuambatana na homa, jasho la usiku na kukonda. Saratani iliyosambaa mifupani na ile ya uboho nazo huvunja pingili. Picha ya eksirei, vipimo vya damu na maelezo kamili ya mgonjwa hutoa mwanga mkubwa, na panapobaki shaka, picha ya MRI au kipande cha mfupa kilichotolewa kwa sindano huamua. Mgonjwa mwenye homa, miguu inayolegea, ganzi ya sehemu za siri au mkojo usiozuilika apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Iwapo chanzo ni osteoporosisi, ndipo swali la saruji huja. Mbinu hii ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, pale madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walipoingiza saruji ya mifupa kwa sindano katika pingili ya shingo iliyodhoofishwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Baadaye ikatumika kwa pingili zilizovunjika kwa udhaifu, na ikapewa jina la vertebroplasti.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, akapewa dawa ya kutuliza na ganzi ya mahali, au nusu kaputi inapolazimu. Daktari akiongozwa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo kwenye skrini, hupitisha sindano nene katika ngozi, akaipenyeza kwenye kishikizo cha mfupa kilicho nyuma ya pingili hadi ifike ndani. Kisha husukuma polepole mililita chache za saruji ya plastiki, yenye uzito kama wa dawa ya meno, iliyochanganywa na chembe zinazoonekana kwenye eksirei. Saruji huganda ndani ya dakika chache na kuunganisha vijiti vilivyokatika. Hakuna mshono mkubwa, na wagonjwa wengi husimama siku hiyohiyo. Katika mbinu ya pili, kaifoplasti, puto dogo hujazwa kwanza ndani ya pingili ili kuinua sehemu iliyobonyea na kufanya nafasi, kisha saruji hutiwa.

Tundu dogo halimaanishi hatari ndogo nyakati zote. Saruji huweza kuvuja nje ya pingili. Mara nyingi haileti dalili, lakini ikiingia kwenye mfereji wa neva huweza kupoozesha, na ikichukuliwa na mishipa ya damu huweza kufika mapafuni. Aidha, ni mwiko kutia saruji penye maambukizi. Ndiyo maana kuikosea pingili ya kifua kikuu ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Je, saruji huondoa maumivu? Kwa miaka mingi wagonjwa waliitikia ndiyo. Mwaka 2009 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja ziliitikisa imani hiyo. Nusu ya wagonjwa walipata saruji. Wengine walilazwa vilevile, wakapigwa ganzi vilevile, hata harufu ya saruji ikasikika chumbani, lakini hawakutiwa kitu. Nafuu ya makundi yote mawili ilikaribiana. Mwaka 2016, utafiti wa Australia kwa wagonjwa 120 wenye maumivu makali na mivunjiko isiyozidi wiki sita ulionyesha faida. Mwaka 2018, utafiti wa Uholanzi kwa wagonjwa 180 haukuiona. Hitimisho la busara ni kwamba saruji si tiba ya kila mgongo uliobonyea. Hufikiriwa kwa wachache: wale ambao mvunjiko wao ni mpya, umethibitishwa kwa picha, na maumivu yamewalaza kitandani licha ya dawa.

Kwa familia ya Tabora, jambo hili lina uzito wa pekee. Kumsafirisha bibi mwenye pingili iliyovunjika kwa mamia ya kilomita hadi Mwanza au Dar es Salaam ni gharama na ni mateso. Safari hiyo ni ya lazima pale panapokuwa na dalili za neva, shaka ya saratani au kifua kikuu, au maumivu yasiyotulia. Kwa wengi waliobaki, tiba huanzia karibu na nyumbani: eksirei, dawa za maumivu kwa kipimo sahihi, mapumziko mafupi, kisha kuinuka na kutembea mapema kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia. Kulala wiki nyingi hudhoofisha mfupa zaidi. Maumivu ya wengi hupungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili.

Kutulia kwa maumivu si mwisho wa ugonjwa. Miongoni mwa wanawake waliovunjika pingili kwa osteoporosisi bila kutibiwa ugonjwa wenyewe, takribani mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Saruji huziba pingili moja tu, nazo nyingine 23 hubaki na udhaifu uleule. Kwa hiyo kila mgonjwa, aliyetiwa saruji na asiyetiwa, anahitaji tiba ya mfupa wote: dawa kama alendroneti, kidonge cha kila wiki, au asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka, baada ya kupimwa figo na kiwango cha kalisiamu. Lishe nayo ina nafasi yake. Maziwa, na dagaa wa Kigoma wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ni hazina ya kalisiamu, na jua huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D.

Na ndoo? Achukue mwingine, au bibi abebe maji kidogo katika chombo kidogo, akichuchumaa kwa magoti badala ya kupinda kiuno. Katika misafara ya kale, mpagazi aliyeanguka njiani mara nyingi aliachwa. Mzee aliyevunjika mgongo leo hana sababu ya kuachwa, mradi wa nyumbani mwake na mganga wa zahanati yake watambue kwamba kinachomuuma si umri, bali ni mfupa.