Wiski ya Bei Nafuu kwa Mwanagenzi

Vitunguu vinapouzwa Baray, katika bonde la Ziwa Eyasi, fedha huingia mifukoni, na sehemu yake huishia kwenye gongo. Ndugu zetu wa visiwani, ambao wengi wao hawagusi kileo, watuwie radhi kwa mada hii. Maofisa wa serikali wanaijua vyema. Tangu viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi, 2017, mnywaji wa kipato kidogo huchagua baina ya chupa ya dukani na dumu la magendo.

Gongo haina kipimo. Aliyeipika hajui nguvu yake, na ikiwa na methanoli hupofusha na kuua. Wiski ya Uskoti, hata ile ya bei nafuu kama Johnnie Walker ya nembo nyekundu, sheria ya kwao yailazimu ikae katika mapipa ya mwaloni miaka 3 kamili, na kileo chake kisipungue asilimia 40.

Mwanagenzi asiigugumie kama togwa. Atie kidogo katika bilauri, ainuse mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha aongeze maji kiasi kile kile. Makali hupungua, harufu ya matunda na moshi hujitokeza. (Moshi huu hutokana na udongo wa vinamasi unaochomwa kukaushia shayiri, sio ule "moshi" wa sheria zetu, ambao ni gongo yenyewe.) Anywe akiwa amekula, funda moja moja. Chupa ikifungwa barabara haiharibiki, hivyo hakuna haja ya kuimaliza usiku uleule wa mauzo.