Mkasi, Mtoto na Nywele za Mdogo Wake

Jeff Cohen, mwandishi wa habari wa redio katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, alikuta binti yake wa miaka mitano amemkata nywele mdogo wake wa miaka mitatu. Baadaye aliwakalisha wote wawili mbele ya kinasa sauti, akawauliza kilichotokea, nao wakaeleza kwa maneno yao wenyewe. Mazungumzo hayo yalisambaa sana mtandaoni, na mwaka 2014 yakazaa kitabu cha picha cha watoto.

Kisa hicho si cha Connecticut peke yake. Popote penye mtoto wa miaka mitatu hadi sita na mkasi ulioachwa mezani, iwe Tanga, Kisumu au Bujumbura, mzazi anaweza kutoka jikoni akakuta msuko mmoja uko sakafuni na mingine imebaki kichwani. Swali linalomtoka kwanza huwa la hasira: mtoto huyu kapatwa na nini? Wanasaikolojia wa makuzi na madaktari wa ngozi wana majibu, na majibu yao yanampa mzazi sababu ya kushusha pumzi kabla ya kunyanyua mkono.

Mkono hutangulia, breki hufuata

Kukata kwa mkasi ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kidole gumba na vidole vingine vinapaswa kufungua na kufunga kwa mpango, huku mkono wa pili ukishika kinachokatwa na kukigeuza. Watoto wengi huanza kukatakata kingo za karatasi kati ya miaka miwili na mitatu. Wakifika minne huweza kufuata mstari ulionyooka, na maduara huja baadaye, karibu na miaka mitano. Mtoto aliyepata ujuzi mpya huutafutia kazi. Karatasi hujikunja na kumponyoka, lakini fungu la nywele hutulia kati ya makali ya mkasi, hukatika kwa sauti, na matokeo yake huonekana papo hapo.

Kisha kuna macho. Mtoto wa Afrika Mashariki hukua akiona nywele zikishughulikiwa kila siku: dada amekaa katikati ya magoti ya msusi akisukwa twende kilioni, kaka amefungwa kitambaa shingoni kwa kinyozi, baba ananyoa ndevu mbele ya kioo. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha, kwa majaribio ya watoto 72 wa chekechea, kwamba mtoto huiga alichomwona mtu mzima akifanya hata pasipo mtu wa kumwagiza au kumpa zawadi. Jaribio lao lilihusu mwanasesere aliyepigwa, ila kanuni ni ileile. Dada anayemkata mdogo wake nywele mara nyingi anacheza saluni, na mdogo wake ni mteja aliyekubali kukaa.

Kinachokosekana ni breki. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomsaidia mtu kuzuia tendo lililokwisha kumjia mkononi, na ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa sana kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya mtu kuvuka miaka ishirini. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Adele Diamond na wenzake wawili walichapisha jaribio rahisi ambalo mzazi anaweza kulirudia sebuleni. Mtoto akionyeshwa picha ya jua anatakiwa aseme "usiku", na akionyeshwa mwezi na nyota aseme "mchana". Watoto wa chini ya miaka mitano walipata taabu kubwa. Jibu walilolizoea liliwatoka kabla hawajajizuia. Wa miaka sita na saba walimudu vizuri zaidi.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaweza kuikariri amri ya "usiguse mkasi" neno kwa neno, na bado akaugusa. Amri anayo. Uwezo wa kuitii akiwa peke yake ndio kwanza unajengwa.

Nywele hazina uchungu

Mtoto akijikata kidole, maumivu humfundisha hapo hapo. Nywele hazimpi onyo lolote. Unywele unaoonekana juu ya ngozi umetengenezwa kwa keratini, protini iliyomo pia kwenye kucha, na seli zake zimekwisha kufa. Hauna neva wala damu. Uhai uko chini, ndani ya kifuko cha mzizi kilichozama kwenye ngozi. Kichwa cha binadamu kina vifuko vipatavyo 100,000, na kwa wakati wowote zaidi ya asilimia 80 viko katika kipindi cha kuotesha, kipindi kinachodumu miaka kadhaa kwa kila unywele. Mkasi hauvifikii.

Hivyo hofu ya wazazi wengi, kwamba nywele zilizokatwa vibaya zitarudi ngumu au hazitaota tena, haina msingi. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Marekani Mildred Trotter aliwafuatilia wanaume wanne walionyoa ndevu kwa utaratibu maalumu, asione badiliko lililoletwa na wembe katika unene, rangi wala kasi ya kuota. Mwaka 1970 watafiti wengine waliwanyoa vijana watano mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa, mguu wa pili ukaachwa bila kuguswa. Nywele za miguu yote miwili zilibaki sawa. Zinazoota upya huhisiwa ngumu mkononi kwa sababu ncha zake zimekatwa butu, ilhali unywele usiowahi kukatwa huwa na ncha iliyochongoka. Familia za Kiislamu za pwani, ambazo humnyoa mtoto mchanga siku ya saba katika akika, huushuhudia ukweli huo kila kizazi: nywele hurudi.

Hurudi kwa mwendo wake, lakini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la British Journal of Dermatology ulipima nywele za vijana wenye asili ya Afrika, ukakuta zinaota takriban milimita 0.26 kwa siku, dhidi ya milimita 0.40 kwa wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Afrika, hiyo ni chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Kwa kasi hiyo, pengo la sentimita tano linahitaji nusu mwaka na ushei kujaa. Tena nywele zinazojisokota hunywea zikikauka, hivyo zinaweza kuonekana hazikui kumbe zinakua. Mzazi anaweza kuushika unywele mmoja na kuunyoosha kando ya rula kila mwisho wa mwezi, mtoto akitazama, kisha wakaandika kipimo ukutani. Kwa mtoto ambaye "miezi sita" bado ni maneno matupu, alama hizo humwonyesha muda ukipita.

Aliyekatwa anahitaji maelezo yake pia. Mwaka 1966 Lawrence Kohlberg alieleza kwamba watoto wadogo bado hawajashika kwamba mtu hubaki wa jinsia ileile hata sura yake ikibadilika. Msichana wa miaka minne aliyebakiwa na kipara anaweza kulia kwa kuamini amekuwa mvulana. Aambiwe waziwazi kwamba yeye ni yuleyule, na kwamba nywele zake zipo njiani.

Dakika za kwanza

Kinachotangulia ni usalama. Mzazi achukue mkasi au wembe, aketi na watoto penye mwanga, apekue ngozi ya kichwa, nyuma ya masikio, kope na vidole. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hata mkato mdogo huvuja sana na kutisha. Kitambaa safi kikandamizwe juu yake kwa dakika kumi bila kufunuafunua. Jeraha lililopanuka, lililo karibu na jicho, lisiloacha kuvuja au lililotokana na wembe mchafu lipelekwe zahanati, ambako mhudumu ataangalia pia kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Baada ya hapo ndipo yaje maswali, na namna ya kuuliza ina uzito. Mwaka 2011 wanasaikolojia Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliofanyika katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi. Shule moja iliadhibu kwa viboko. Nyingine ilimkanya mtoto au kumtenga kwa muda. Watoto waliachwa chumbani, kitu cha kuchezea kikiwa nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke kukitazama. Wengi wa shule zote mbili waligeuka. Walipoulizwa, karibu wote wa shule ya viboko walikana, na walijua kuuficha uongo wao vizuri zaidi. Katika shule ya pili, waliokana walizidi nusu kidogo tu. Hofu ya kiboko haikuwazuia watoto kuchungulia, lakini iliwafanya mafundi wa kuficha.

Mzazi aliyesimama juu ya rundo la nywele anauhitaji ukweli kuliko anavyodhani: mkasi ulitoka wapi, wembe uko wapi sasa, nani alimkata nani. "Nani kafanya ujinga huu?" humfunga mtoto mdomo. "Hebu nielezeni, wanangu, mlikuwa mnacheza nini?" humfungua. Adhabu inayotosha ni ile inayotokana na tendo lenyewe: aliyekata afagie nywele, amwombe mdogo wake radhi, na akae siku kadhaa bila mkasi wa kazi zake za sanaa.

Kabla ya kwenda kwa kinyozi

Marekebisho yanaweza kungoja hadi kesho, hasira zikiwa zimepoa. Pengo dogo huweza kufichwa kwa kubadilisha njia ya nywele. Pengo kubwa huhitaji kichwa chote kupunguzwa kilingane, na kwa wanafunzi wa shule nyingi za umma nywele fupi ndiyo kanuni hata hivyo.

Kosa la kuepuka ni kuvuta vinywele vilivyobaki ili visukike kwa nguvu au kufungwa rasta nzito. Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town waliwachunguza wanafunzi zaidi ya 1,000 nchini Afrika Kusini, wakakuta asilimia 17 ya wasichana wana upara unaotokana na kuvutwa nywele. Madhara hayo, tofauti na ya mkasi, yanaweza kuua vifuko vya mizizi moja kwa moja. Kwa kinyozi, mzazi adai wembe mpya na mashine iliyosafishwa mbele yake.

Si kila kipara ni kazi ya mkasi

Nywele zilizokatwa huacha vishina vyenye ncha butu juu ya ngozi safi, na zilizodondoka hupatikana nyuma ya kochi au chini ya kitanda. Doa la mviringo lenye magamba na kuwasha linaelekea kuwa mapunye, ugonjwa wa fangasi unaoenea kwa kugusana na kushirikiana chanuo, kofia au mashine. Huo hutibiwa kwa dawa ya kumeza kama griseofulvini kwa wiki kadhaa, kwa kuwa dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi. Doa lenye vinywele vya urefu usiolingana linaweza kuwa dalili ya mtoto anayejing'oa nywele, na akizimeza zinaweza kujikusanya tumboni na kuziba njia ya chakula. Hapo ni daktari, tena mapema.

Mtoto anayekata nywele ameonyesha kwamba mkono wake uko tayari kwa kazi. Wazazi na walezi, mpeni kazi hiyo: mkasi wa watoto wenye ncha za mviringo, magazeti ya zamani, majani ya mgomba, nyuzi za sufu kwenye kichwa cha mwanasesere, na mtu mzima aliyekaa kando yake. Mkasi wa kushonea na nyembe zikae kwenye kabati lenye kufuli, leo hii, kabla hajajifunza kuburuta kiti.