Ngoma Ivumayo Haidumu

Wahenga walipotuusia kwamba ngoma ivumayo haidumu, hawakukusudia kutukataza kucheza. Walijua fika kwamba hapana sherehe pasi na ngoma, wala hapana kazi kubwa iliyowahi kuanzishwa pasi na mtu wa kuwatia wenzake hamu. Walichotuonya ni kule kuipiga ngoma kupita kiasi hata ngozi ikapasuka kabla ya wachezaji kuingia uwanjani. Katika nchi yetu ngoma za namna hiyo zimepigwa mara nyingi. Na kila ipasukapo moja, anayeachwa ameduwaa ni mwananchi aliyeacha shughuli zake akaja kutazama.

Mji wa Thika una ushahidi wa kutosha. Huu ndio mji uliopewa jina la Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake. Kwa wakazi wa Kamenu na mitaa jirani, kufunguliwa au kufungwa kwa kiwanda si habari ya gazetini tu, bali ni habari ya kodi ya nyumba na karo ya watoto. Basi mtu asishangae kwamba Desemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipofika Thika kuzindua uunganishaji wa magari ya Volkswagen aina ya Polo Vivo, matumaini yalipanda. Ilitangazwa kwamba magari 1,000 yangeunganishwa katika mwaka wa kwanza, na hatimaye 5,000 kwa mwaka. Waliosikiliza walianza kuhesabu ajira kabla ya kuhesabu wanunuzi.

Lakini wanunuzi ndio waliokuwa adimu. Mkenya wa kipato cha wastani alikuwa na njia nyingine: kuagiza gari lililokwisha kutumika kutoka Japani, kwani sheria yetu iliruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane, tena kwa bei nafuu kuliko gari jipya. Jambo hili lilikuwa wazi tangu siku ya uzinduzi, ila halikuwa na nafasi katika hotuba. Vivo hazikununuliwa kwa wingi uliotarajiwa. Na hapo ndipo penye funzo. Kiwanda kile kile, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, kimekuwa kikiunganisha malori na mabasi kwa miongo kadhaa bila makelele. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema nacho, kikitembezwa kwa mbwembwe za kupita kiasi, hutiliwa shaka.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa gari kuwa ndoto ya taifa zima. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wetu wakaitikia wito. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani katika uwanja wa Kasarani, na ikasemwa kwamba yangeweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Magari hayo ya majaribio yalikuwa matano. Yakabaki kuwa matano. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na mwaka 1994 mitambo na shughuli za shirika lililoundwa kwa kazi hiyo zikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kutengeneza vipuri.

Sasa tujiulize: je, magari matano ya majaribio yaliyoundwa na Wakenya katika karakana za Kenya yalikuwa aibu? La hasha! Yalikuwa ushindi wa elimu yetu. Lau taifa lingeambiwa kwamba wahandisi wake wanajaribu, watu wangewapigia makofi na kuwauliza walijifunza nini. Lakini taifa liliambiwa kwamba limekwisha kuwa na gari lake. Kwa hiyo kazi halali ya wasomi ikageuka kuwa mzaha wa vijiweni. Huu ndio wizi mkubwa wa mbwembwe: hazituibii tu kile kisichotokea, bali hutuibia hata heshima ya kile kilichotokea.

Walimu wanaujua wizi huo vizuri kuliko wengine. Katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kwamba kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza angepewa kipakatalishi, kuanzia Januari 2014. Januari ikaja, vipakatalishi visije. Mwaka huo huo zabuni ya kuvinunua ikafutwa baada ya malalamiko ya kampuni zilizoshindania kazi hiyo. Mradi ulipofufuka mwaka 2016 ulikuwa na sura nyingine: vilikuwa vishikwambi vya kutumiwa shuleni, na mojawapo ya vyuo vikuu viwili vilivyopewa jukumu la kuviunganisha kilikuwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, jirani kabisa na Thika. Kwa sababu ya mradi huo, maelfu ya shule za msingi zilifikishiwa umeme, na baadhi yake hazikuwa zimewahi kuwa na taa hata moja. Ni nani leo anayelitaja jambo hilo jema? Wengi hukumbuka tu kipakatalishi ambacho hakikuja.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014 alikuwa darasa la tatu vishikwambi vilipoanza kugawiwa. Kama hakurudia darasa, aliufanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa mwaka 2025. Kizazi kizima kimepita mikononi mwetu kikiwa kimefundishwa, kabla hata ya kujua kusoma, kwamba neno la mkubwa ni upepo. Ahadi ni deni, twawaambia katika insha. Wao wamejifunza somo jingine nje ya insha.

Katika burudani mambo ni yayo hayo. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao. Harambee Stars walikuwa wakishiriki kwa mara ya kwanza, na wachache waliwatarajia makubwa. Wakawashangaza watu: wakaongoza kundi lililokuwa na Morocco, Kongo, Angola na Zambia, bila kushindwa mechi hata moja. Mara mbiu ikapigwa. Mamilioni ya shilingi yakaahidiwa, na hata nyumba zikatajwa. Tarehe 22 Agosti, katika uwanja ule ule wa Kasarani, timu ikatoka sare ya 1-1 na Madagascar katika robo fainali kisha ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mashabiki walirudi makwao kana kwamba wametoka matangani. Laiti mtu angewaambia mwezi mmoja kabla kwamba timu yao ingeishinda Morocco, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe, wangefurahi hadi alfajiri. Matokeo yalikuwa yale yale; kilichobadilika ni kipimo.

Haifai tuwalaumu wanasiasa na watangazaji peke yao, kwani shuleni nako tunazo ngoma zetu. Wastani wa alama unaotamaniwa huandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, na siku ya kutoa zawadi wageni waheshimiwa huwaambia watahiniwa wote kwamba wao ni madaktari na marubani. Kisha matokeo hutoka. Mwanafunzi aliyeanza kidato cha kwanza akiwa wa mwisho, akajikongoja hadi akapata C+, ambayo ni alama ya kumwingiza chuo kikuu, hujificha nyumbani kwa haya, kwa kuwa shule ilikwisha mtangazia A. Huyo hakushindwa na mtihani. Ameshindwa na ubao.

Tusije tukakimbilia upande wa pili tukawa watu wasiotumaini lolote, maana mja asiye na tumaini hapandi mbegu. Tunachohitaji ni kuwazoeza vijana kuuliza maswali matatu kila wasikiapo tangazo kubwa: Ni nani apigaye ngoma? Anapata nini leo, kabla ya kazi kuanza? Na mpaka sasa ni kipi kilichokwisha kufanyika? Maswali haya yafaa kuwa mada ya mdahalo katika kila shule ya Kamenu na kwingineko. Mwalimu naye na awe wa kwanza kuyakubali yakielekezwa kwake. Atangaze maendeleo ya mwanafunzi baada ya kuyaona, ayataje kwa jina na kwa kiasi chake, na mengine ayaache yajitangaze yenyewe.