Roboti Ndogo Kuliko Unywele, na Zebaki ya Mialo Yetu

Msafiri afikaye Bulyanhulu kupitia Kakola hukutana na uchimbaji wa namna mbili. Upo mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001. Yapo pia maduara, makarasha na mialo ya wachimbaji wadogo, yaliyotapakaa katika ukanda wote wa Msalala, Kahama na Geita. Huko mwaloni ndiko zebaki inakoshikwa kwa mikono mitupu, na mara nyingi donge la dhahabu na zebaki huchomewa nyumbani, kwenye jiko lile lile linalopikia ugali.

Ndiyo maana habari za roboti ndogo zinazosafisha sumu majini zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mpendwa msomaji, usiwaze mashine yenye mikono na macho. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Barcelona na Singapore, walieleza kuhusu vijibomba vyembamba kuliko unywele. Tabaka la nje ni oksidi ya grafini, ambayo hunasa madini ya risasi yaliyoyeyuka majini. Katikati kuna nikeli, ili kijibomba kiweze kuongozwa kwa sumaku. Ndani kuna platini, ambayo huivunja peroksidi ya hidrojeni, ile ile inayosafishia vidonda, ikawa maji na oksijeni. Mapovu yakitoka upande mmoja, kijibomba husukumwa kwenda upande wa pili. Kwa muda wa saa moja, risasi ndani ya maji ya majaribio ilishuka kutoka sehemu 1000 katika bilioni hadi chini ya 50. Kisha vijibomba vilikusanywa kwa sumaku, vikaoshwa kwa asidi na kutumika tena.

Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, maabara ya Joseph Wang ilifuata njia iliyo karibu na hiyo dhidi ya sumu za kivita: vijiroboto huichanganya peroksidi kwa kasi, nayo huivunja sumu. Maabara hiyo imejaribu pia kuangamiza vimelea vinavyofanana na vile vya kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vema.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kuna sumu inayovunjika na sumu isiyovunjika. Sayanaidi, inayotumika kuchenjulia dhahabu, ni muunganiko wa kaboni na naitrojeni. Ukiutenganisha, sumu imekwisha, na migodi mingi duniani hutumia peroksidi hiyo hiyo kuiharibu kabla ya kuachia maji taka. Zebaki ni elementi. Haichomeki ikaisha. Mchimbaji anapochoma donge, zebaki huwa mvuke, huingia mapafuni mwake na mwa mtoto aliye mgongoni mwa mama, na inayobaki hutua juu ya paa, kisimani na mtoni. Kule kwenye matope bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hupanda kutoka mdudu hadi samaki, na kutoka samaki hadi mezani. Mji wa Minamata nchini Japani uliyajua haya watoto walipozaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonekana wagonjwa sana.

Basi kijiroboto, hata kikifaulu, kitaikamata zebaki tu, hakitaiangamiza. Atakayeiopoa kwa sumaku lazima ajue ataiweka wapi. Tena hufanya kazi ndani ya maji, na zebaki inayomdhuru kwanza mchomaji iko hewani. Mimi binafsi naishangilia sayansi hii, ila sioni namna itakavyoingia katika jiko la Kakola.

Hayati Papa Francisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, aya ya 51, aliitaja waziwazi zebaki ya machimbo ya dhahabu, akiiweka katika deni la kiikolojia ambalo nchi tajiri zinadaiwa na nchi maskini. Katika waraka huo huo aliisifu teknolojia kama tunda la ubunifu ambao Mungu amemjalia mwanadamu. Mawili hayo hayapingani. Dhahabu inayotolewa hapa huvaliwa mbali, na maabara nazo ziko mbali. Mvuke peke yake ndio unaobaki kwetu.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama zichukue hatua za kukomesha kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kupitisha kwenye sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza. Hilo la mwisho husahaulika sana, nalo ni la hatari, kwa kuwa sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri mbali zaidi na maji.

Kifaa kilichopo tayari ni retoti: chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho huurudisha mvuke kuwa zebaki ya majimaji ili itumike tena. Kitumike nje, mbali na nyumba, wajawazito na watoto wasiwepo, na kisifunguliwe kabla hakijapoa. Nguo za mwaloni zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.