Kuunda Mtumbwi wa Ambachi Katika Ziwa Baringo

Ikitajwa kazi ya kuunda chombo cha mbao, wengi hukumbuka pwani, ambako fundi hupiga misumari na kutia kalafati ili maji yasipenye. Lakini kaskazini ya Nakuru, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, katika Ziwa Baringo, Wailchamus wanao ufundi wa namna nyingine. Mwenye subira aweza kujifunza kwao katika saa zake za mapumziko, naye hahitaji karakana.

Mti utumikao ni ambachi, umeao penye majimaji ukingoni mwa ziwa. Una miiba na maua ya manjano, na ubao wake ni mwepesi mno, hata mtu mmoja huchukua shina begani bila taabu. Mashina hukatwa, huondolewa miiba na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa sambamba: ncha nene huwa tezi, na ncha nyembamba hukutanishwa na kuinuliwa ziwe omo. Mashina mengine huwekwa ubavuni yawe kuta. Yote hufungwa kwa kamba imara.

Maji hupenya kati ya mashina, na mvuvi huketi hali amelowa. Hiyo si kasoro. Chombo cha pwani huelea kwa kuwa kimezuia maji. Hiki huelea kwa kuwa mti wenyewe hauzami. Mvuvi hushika vibao viwili vidogo, kimoja kila mkono, akapiga makasia kwenda kutega ngege na kambare.

Hata hivyo, anayejifunza asijidanganye. Ziwa lina mamba na viboko, na mtumbwi huu ni mdogo, tena hukaa chini karibu na maji. Yafaa aujaribu karibu na ukingo, pamoja na mwenyeji aijuaye njia, naye avae jaketi la kuokolea. Akirudi, auvute nchi kavu ukauke, kwa maana ambachi hunyonya maji polepole ukawa mzito.

Tena asisahau mti wenyewe. Maji ya Baringo yalipanda sana katika miaka ya 2010, na mwaka 2020 yalifunika nyumba nyingi. Ukingo wa jana si ukingo wa leo. Kwa hiyo na yakatwe mashina yaliyokomaa tu, machanga yaachwe. Fundi akiimaliza miti yote, mwanawe atarithi ujuzi usio na kazi.